Nyumba za samaki chini ya maji: Mjadala ambao Bwawa la Julius Nyerere linautaka mapema

Na Mwandishi Wetu

Desemba 22, 2022, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua ujazaji wa maji katika Bwawa la Julius Nyerere, Mto Rufiji. Tangu siku hiyo taarifa nyingi za umma kuhusu mradi huo zimehusu umeme, na si ajabu: ni mitambo tisa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115, wa kwanza ukianza kuzalisha mwanzoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo, katika manufaa ambayo Serikali imeyataja kwa wananchi, pamoja na kudhibiti mafuriko, kilimo cha umwagiliaji na utalii, uvuvi nao umetajwa. Manufaa hayo hayawashwi kwa kitufe. Samaki huja kwa utaratibu wao, na mara nyingi huja na kuondoka kabla binadamu hajakubaliana na mwenzake namna ya kuwavua.

Makala haya yanahusu jambo moja dogo ndani ya suala hilo kubwa: vitu vilivyomo chini ya maji. Visiki, miti iliyozama, mawe, mafungu ya matawi, mabomba yaliyofungwa pamoja na kushushwa kwa uzito wa saruji. Duniani kote watu huvitumia vitu hivi kuwakusanya samaki wa maji baridi, ama kwa ajili ya wavuvi wa burudani wanaotumia ndoana, ama kwa ajili ya kitoweo. Kwa Bwawa la Julius Nyerere suala hili si la nadharia. Mwaka 2018, kabla ya ujenzi kuanza, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ulitangaza zabuni ya kuvuna miti ipatayo milioni 2.6 katika eneo la hekta 143,638 lililokuwa njiani kufunikwa na maji. Penye msitu ulioingia majini, hata ukivunwa, hubaki visiki, mizizi na matawi. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kufikiria kujenga nyumba za samaki katika bwawa hilo, ajue kwamba zipo tayari. Linalobaki ni kuelewa zinafanya nini, zitadumu muda gani, na nani atakayeruhusiwa kutega karibu nazo.

Mti uliozama hulisha, haufichi tu

Mvuvi yeyote wa mtoni anajua kwamba samaki hupenda penye kisiki. Maelezo ya kawaida ni kwamba samaki wadogo hujificha hapo wasiliwe, na wakubwa hujificha hapo ili wale. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni chakula.

Kitu chochote kigumu kikikaa majini mahali panapofikiwa na mwanga, baada ya majuma machache huvaa utando wa kijani unaoteleza. Utando huo ni mwani, bakteria na vijidudu vingine. Konokono hula hapo, lava wa wadudu hula hapo, na samaki wa jamii ya perege na sato huuparua kwa midomo. Mti mmoja wenye matawi mengi, ukilinganishwa na tope tupu lililo chini yake, unaongeza eneo la kuota utando huo mara nyingi. Katika Ziwa Kariba, linalopakana na Zambia na Zimbabwe, na katika Ziwa Volta nchini Ghana, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 waliona jambo jingine la ziada: lava wa mdudu aitwaye kitaalamu Povilla adusta walikuwa wametoboa miti iliyofurikwa na kuishi ndani ya mashimo hayo kwa wingi mkubwa. Lava hao ni chakula kizuri cha samaki. Mti mkavu, ambao mtu wa nchi kavu angeuona kuwa kuni iliyoharibika, ulikuwa umegeuka ghala.

Kariba inafaa kukumbukwa pia kwa sababu ya uamuzi mgumu uliofanyika kabla ya maji kujaa. Lango lake lilifungwa Desemba 1958 na bwawa likajaa mwaka 1963. Wapangaji wa wakati huo waliamua kufyeka miti katika sehemu za kingo ili nyavu za wavuvi zisinase, na kuiacha isimame kwingineko. Wavuvi wa nyavu walipata maeneo safi ya kutega. Samaki walipata msitu. Mivutano kati ya mahitaji hayo mawili haikuisha, lakini angalau iliamuliwa kabla ya maji kuja, wakati mtu bado aliweza kutembea kwa miguu na kuonesha kwa kidole wapi pafyekwe na wapi paachwe.

Ipo gharama ya miti iliyozama ambayo haipaswi kufichwa. Majani, nyasi na matawi laini yanapooza hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, na katika bwawa jipya tabaka la chini huweza kukosa hewa hiyo kabisa. Virutubisho vinavyotoka katika uozo huo hulisha pia magugu. Kariba, katika miaka yake ya mwanzo, ilivamiwa na gugu liitwalo Salvinia molesta lililotanda juu ya maji kama zulia. Nchi yetu, iliyokwisha kupambana na magugu maji katika Ziwa Victoria, haihitaji kusimuliwa zaidi.

Kumbukumbu ya Nyumba ya Mungu

Mabwawa mapya yana tabia inayofanana karibu kila mahali. Maji yanapofunika ardhi kwa mara ya kwanza, udongo na mimea iliyozama huachia virutubisho, chakula kinakuwa tele, makazi ni mengi, na samaki huzaliana kwa kasi inayowashangaza watu. Habari husambaa na wavuvi huhamia hapo kutoka mikoa ya mbali. Kisha, baada ya miaka michache, virutubisho vya mwanzo huisha, matawi membamba huanguka, mashina huoza taratibu, na mavuno hushuka wakati idadi ya mitumbwi iko kileleni.

Watanzania wameshuhudia hadithi hiyo katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye Mto Pangani, lililojengwa katika miaka ya 1960. Mavuno ya mwanzo yalikuwa makubwa kiasi cha kuvuta wavuvi wengi na familia zao. Hayakudumu, na bwawa halikurudia tena viwango vile. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Serikali ililazimika kulifunga bwawa hilo kwa mwaka mmoja ili samaki wapate kupumzika na kuzaliana. Kila aliyefuatilia hatua ile anakumbuka malalamiko yake, na malalamiko yalikuwa na msingi wake: mwaka mmoja bila uvuvi ni mwaka wa ada za shule na sukari ya nyumbani. Ila mtu anayeanza kupanga wakati samaki wameshakwisha huwa na chaguo moja tu mkononi, nalo ni kufunga.

Hapa ndipo uzito wa suala letu ulipo. Bwawa la Julius Nyerere bado ni changa. Liko katika ule umri ambao kila kitu kinaonekana tele. Ni katika umri huu ndipo kanuni huwekwa kwa gharama nafuu, kwa sababu hakuna aliyekwisha kuwekeza maisha yake mahali ambapo baadaye ataambiwa aondoke.

Wamarekani wanapojenga nyumba upya

Nchi ambayo imelifanya jambo hili kwa upana zaidi katika maji baridi ni Marekani. Mabwawa yake mengi yalijengwa katikati ya karne iliyopita, na leo yana umri wa miaka 60, 70 au zaidi. Miti iliyozama wakati ule imeoza. Mawimbi yamekula kingo, tope limejaza mabonde madogo, na sehemu kubwa ya sakafu ya bwawa imekuwa tupu kama kiwanja. Mamlaka za majimbo zikaanza kurudisha makazi kwa mikono.

Mfano unaojulikana ni Bwawa la Table Rock katika jimbo la Missouri, ambalo lambo lake lilikamilika mwaka 1958. Kuanzia mwaka 2007, Idara ya Uhifadhi ya Missouri pamoja na washirika wake iliendesha mradi wa miaka kadhaa wa kushusha majini mafungu ya mierezi na miti migumu, visiki na malundo ya mawe. Idadi yake ilizidi 2,000. Jambo la kuvutia ni kile kilichofuata: mahali pa kila fungu palirekodiwa kwa vipimo vya setilaiti na kutangazwa kwa umma, ili mwananchi yeyote mwenye mtumbwi na ndoana aweze kufika. Katika majimbo mengine, miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika hukusanywa kila Januari, hufungwa pamoja na tofali za saruji na kuzamishwa. Jimbo la Georgia limejulikana kwa umbo la mchemraba la mabomba ya plastiki, ambalo haliozi na halinasi ndoana kwa urahisi kama matawi.

Wataalamu wao wamejifunza mambo ya kiufundi ambayo yanafaa kuazimwa bila aibu. Matawi yenye nafasi ndogo ndogo huwafaa samaki wachanga. Yenye nafasi kubwa huwafaa samaki walao wenzao. Fungu lililowekwa karibu na mkondo wa zamani wa mto hupata samaki kuliko lililotupwa katikati ya uwanda. Fungu lililowekwa chini mno, kwenye tabaka lisilo na oksijeni, ni kazi bure, kwa maana hakuna samaki atakayekwenda kuishi asikoweza kupumua. Mierezi hudumu, msonobari hupoteza majani yake upesi. Na matairi ya magari, ambayo watu wengi huyaona kuwa suluhisho rahisi la taka, yalikwisha kuleta aibu: katika miaka ya 1970 matairi yapatayo milioni mbili yalizamishwa baharini karibu na Fort Lauderdale, Florida, yakafunguka, yakasukumwa na mawimbi na kuharibu matumbawe yaliyokuwa jirani, na kazi ya kuyatoa imekuwa ya miaka mingi na ya fedha nyingi. Ile ilikuwa bahari, si bwawa, lakini tairi halibadiliki tabia kwa kubadilishiwa maji.

Pamoja na hayo yote, kuazima ufundi wa Missouri bila kuazima mazingira yake kungekuwa kosa. Kule, samaki wanaokusanywa na mafungu hayo huvuliwa kwa ndoana na mvuvi wa burudani mwenye leseni, mwenye kikomo cha idadi ya samaki kwa siku, ambaye mara nyingi humrudisha samaki majini akiwa hai. Nyavu haziruhusiwi kwa samaki hao. Fedha za kazi hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwa wavuvi wenyewe, kupitia ada za leseni na kupitia ushuru wa vifaa vya uvuvi uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1950. Anayefaidika ndiye anayelipa, na anachoondoka nacho ni kidogo. Chini ya masharti hayo, kuwakusanya samaki mahali pamoja hakuna hatari kubwa.

Kukusanya si kuzalisha

Ondoa masharti hayo, na picha inageuka. Mwaka 1989 mtafiti wa Kimarekani, James Bohnsack, aliandika swali ambalo linawasumbua wanasayansi hadi leo: je, miamba ya kutengenezwa huongeza samaki, au huwavuta tu samaki waliokuwapo kwingine? Jibu linategemea mahali. Pale ambapo samaki wachanga hufa kwa kukosa pa kujificha, au chakula ni haba kwa kukosa pa kuota, makazi mapya huongeza idadi kweli. Pale ambapo tatizo ni uvuvi uliopita kiasi, makazi mapya huwapanga samaki wachache waliosalia mahali ambapo mvuvi anapajua. Samaki waliokuwa wametawanyika katika kilomita kumi sasa wako chini ya mtumbwi mmoja. Wiki ya kwanza mavuno hupanda na watu hushangilia. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba miradi mingi ya aina hii, kokote duniani, hupimwa katika wiki hiyo ya kwanza.

Afrika ina mfano wake wa kale. Katika maziwa ya pwani ya Benin, hususan Ziwa Nokoué ambako kijiji cha Ganvié kimesimama juu ya nguzo, wavuvi kwa vizazi vingi wamechomeka matawi kwenye tope la maji mafupi na kuzungushia, wakasubiri samaki waingie, walishwe na utando wa matawi na kuzaliana, kisha wakavuna. Mfumo huo huitwa acadja. Unazalisha: mavuno yake kwa hekta ni makubwa kupita ya maji ya wazi yaliyo jirani, na watafiti nchini Côte d'Ivoire waliwahi kuujaribu kwa kutumia mianzi badala ya matawi, bila kuwapa samaki chakula cha ziada, wakapata matokeo ya kutia moyo.

Lakini acadja ina mwenyewe. Mwenye uwezo wa kununua matawi hugeuza sehemu ya ziwa la wote kuwa shamba lake, na mvuvi mwenye wavu mmoja hujikuta akizunguka kwenye mapito membamba yaliyobaki. Ugomvi umekuwapo, na vikoko vimekatwa kwa ajili ya matawi. Matawi yaliyooza na tope linalonaswa kati yake husaidia kulifanya ziwa liwe fupi. Mfumo uliozaa samaki ulizaa pia madai ya umiliki.

Rufiji ina masharti yake

Tukirudi nyumbani, jambo la kwanza la kuangalia katika Bwawa la Julius Nyerere ni kimo cha maji. Kwa mujibu wa usanifu wa mradi, bwawa likijaa maji hufika mita 184 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 163. Tofauti ni mita 21. Hii ina maana kwamba kisiki kilicho ndani ya maji ya kina kirefu mwezi Mei kinaweza, katika mwaka wa ukame, kusimama nchi kavu au karibu na uso wa maji. Mazalia ya perege, ambao huchimba viota vyao kwenye maji mafupi ya kingo, yanaweza kuachwa juani. Mafungu ya matawi yakiwekwa kwa kufuata ukingo wa bwawa lililojaa, yatafanya kazi kwa miezi michache tu. Yakiwekwa kwa kufuata kiwango cha chini, bwawa linapojaa yatakuwa mahali penye giza na pengine pasipo hewa. Ufumbuzi unaotumika kwingineko ni kuyapanga kwa ngazi, kutoka juu kwenda chini, na hilo linahitaji wataalamu wa samaki na waendeshaji wa mitambo ya umeme kukaa meza moja. Mtera, ambako maji hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5, ina mteremko mdogo zaidi lakini sehemu zake nyingi ni fupi na tambarare, hivyo mita chache tu huhamisha ukingo kwa mbali. Wavuvi wa huko, wanaopiga makasia kati ya miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lilipokamilika karibu mwaka 1980, wangeweza kuwafundisha wengi namna samaki wanavyofuata maji. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, hata pale pasipo na pweza.

Jambo la pili ni aina ya samaki. Bonde la Rufiji lina samaki wa ndoana ambao wavuvi wa kitalii husafiri mbali kuwatafuta. Mmojawapo ni yule mwenye meno marefu wa jamii ya Hydrocynus, ambaye ndugu zake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Aina ya huku kwetu ilitambuliwa na wanasayansi mwaka 1986 na kupewa jina la nchi, Hydrocynus tanzaniae. Si samaki wa kupatikana popote. Kariba, kwa samaki wa jamii hiyo hiyo, imekuwa na mashindano ya uvuvi wa ndoana tangu miaka ya 1960, na watu hulipa hoteli, mafuta ya boti, waongozaji na leseni ili washiriki. Hapa nchini, Hifadhi ya Taifa Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria imekuwa ikipokea wageni wanaovua sangara kwa ndoana. Bwawa la Julius Nyerere limezungukwa na eneo la uhifadhi la Nyerere na Selous, kwa hiyo uvuvi wa aina hiyo ndio ulio karibu zaidi na hadhi ya mahali penyewe: watu wachache, ndoana, ada ya juu, samaki kurudishwa.

Ila Rufiji si hifadhi peke yake. Chini ya lambo kuna vijiji ambavyo kwa karne nyingi vimeishi kwa mafuriko ya mto: maji yalipopanda, yalijaza maziwa madogo ya kandokando, yakaleta samaki, yakaacha udongo wa kulima mpunga. Lambo limetuliza mto, na jambo hilo lina faida ya wazi kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa zikisombwa, lakini maziwa hayo madogo bado yanahitaji maji ya kuunganishwa na mto kwa msimu. Kama Serikali na wataalamu wake wataamua siku moja kuweka fedha katika makazi ya samaki bonde lile, mwandishi angependa shilingi ya kwanza iende huko chini, kwenye kuhakikisha maji yanafika, kabla ya kununua hata tofali moja la kuzamishia matawi huko juu. Samaki wa kitoweo wa mwananchi wa Rufiji wanazaliwa kwenye maji yale.

Mgawanyo unaowezekana bwawani si mgumu kuuelezea, ingawa kuutekeleza ni kazi. Maeneo yenye visiki na miti mingi kwenye midomo ya mito na vijito yatengwe kuwa mazalia, yasivuliwe kwa chombo chochote. Maeneo machache yaliyopimwa yaachiwe ndoana na watalii wanaolipa. Kama uvuvi wa kibiashara utaruhusiwa, uende kwenye maji ya wazi, mbali na miti, ambako nyavu hazinasi na samaki wachanga hawapo. Kariba ilipata jawabu la maji yake ya wazi kwa namna ambayo inatugusa: dagaa wa aina ya lumbu walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwaka 1967 na 1968 wakapandikizwa huko, na leo wanajulikana kote kusini mwa Afrika kwa jina la kapenta. Hilo halisemwi hapa ili liigwe. Kupandikiza samaki wageni katika bonde lenye aina zake za pekee ni hatari ambayo Ziwa Victoria, lililopoteza aina nyingi za furu baada ya sangara kupandikizwa, limeilipia.

Maziwa yetu makubwa yana nyumba zake

Swali hujitokeza mara kwa mara miongoni mwa vijana wanaounda vikundi vya ufugaji na uvuvi: kwa nini tusizamishe matawi au mawe katika Ziwa Tanganyika au Victoria ili tuvue karibu na mwalo? Kwa Tanganyika jibu ni fupi. Mwambao wake wa mawe ni miongoni mwa makazi tajiri zaidi ya samaki wa maji baridi duniani. Mamia ya aina wanaishi humo na hawapatikani kwingine. Kinachoyaharibu makazi hayo ni udongo unaoteremka kutoka milima iliyokatwa miti na kujaza nafasi kati ya mawe. Anayepanda miti juu ya Kigoma anajenga nyumba ya samaki kwa ufanisi kuliko anayetupa jiwe majini. Na ziwa lile, ambalo kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024 lilifungwa kwa uvuvi kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, lina tatizo la wingi wa uvuvi. Kikusanya samaki kingewahisha tu mwisho.

Kwa Victoria, mafunjo ya kingo yamefanya kazi ambayo hakuna mabomba yatakayoiiga. Ndani yake oksijeni ni haba, sangara hawezi kukaa, na samaki wadogo wanaovumilia hali hiyo wamepona humo. Anayefyeka mafunjo ili apate nafasi ya kuegesha mitumbwi amebomoa ukuta uliokuwa ukilinda kitoweo chake cha miaka ijayo.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu jambo hili katika mabwawa madogo ya vijiji na halmashauri, ambako kwa kweli linaweza kufaa, utaratibu uanzie kwa ofisa uvuvi wa halmashauri na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde husika. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Maji yenyewe yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ndiyo yenye wataalamu wa kueleza kama bwawa lina hewa ya kutosha kwenye kina kinachokusudiwa. Kikundi kibebe mambo matatu kinapokwenda ofisini: ramani ya mkono inayoonesha maji yanapofika kiangazi na masika, aina ya nyenzo zitakazotumika (mianzi, matawi ya miti iliyopandwa na mawe, si matairi, si matawi ya msitu wa asili), na muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokubaliana ni sehemu gani ya bwawa haitavuliwa kabisa. Waraka wa tatu ndio unaochelewa kupatikana kuliko mingine yote, kwa hiyo uanze kutafutwa kwanza.